Mwezi mmoja Nyeri: Mji wenye makaburi ya wageni unaotafuta la mwana wake

MSAFIRI anayetoka Kutus alfajiri hupanda matatu kupitia Kerugoya na Kagumo hadi Karatina, hubadilisha gari hapo, na kabla ya jua kupanda sana huwa amekwisha kufika mjini Nyeri. Akipenda, anaweza kuzuru yale yote yanayotajwa katika vitabu vya watalii, akala chakula cha mchana, na kurudi nyumbani kabla ya magharibi. Nimefanya hivyo mara nyingi, na kwa miaka mingi niliamini kwamba naujua mji huo.

Hata hivyo, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku mbili za kwanza mgeni huonyeshwa sebule. Ya tatu ndipo huanza kujua watu wa nyumba wanavyoishi. Ndiyo maana niliamua kupanga chumba mtaani Ruring'u kwa mwezi mzima wa Julai, wakati ambapo ukungu huufunika Mlima Kenya kwa siku kadhaa mfululizo na baridi humfanya mtu aketi na wenzake karibu na jiko badala ya kukimbilia mandhari.

Nilikuwa na sababu nyingine, na sababu hiyo ni mfereji. Nimelelewa karibu na Kutus, ambako maji ya mito Thiba na Nyamindi huelekezwa kwa mifereji hadi mashamba ya mpunga ya Mwea. Tulipokuwa watoto tuliogelea humo bila kuuliza ni nani aliyeichimba. Baadaye sana nilijifunza kwamba mradi huo ulianzishwa katika miaka ya 1950, na kwamba kazi ya awali ilifanywa na watu waliokuwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Tetu, akaletwa Mwea akiwa mfungwa, na alipoachiliwa hakurudi kwao. Alifariki bila kutueleza kwa nini. Nilikwenda Nyeri nikitumaini kuuona mwanzo wa njia ile iliyomfikisha kwenye mfereji wetu.

Ngome iliyozaa mji

Nyeri iko kilomita 150 hivi kaskazini mwa Nairobi, kati ya milima ya Nyandarua upande wa magharibi na Mlima Kenya upande wa mashariki. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa ajili ya soko wala bandari. Mwishoni mwa mwaka wa 1902, afisa kijana wa kikosi cha King's African Rifles, Richard Meinertzhagen, aliongoza wanajeshi dhidi ya watu wa Tetu. Sababu iliyotolewa ilikuwa shambulizi lililofanywa dhidi ya msafara wa wafanyabiashara. Baada ya wenyeji kushindwa, ngome ilijengwa karibu na kilima cha Nyeri, na jina la kilima likawa jina la mji.

Meinertzhagen aliandika shajara ambamo alieleza waziwazi jinsi watu walivyouawa na mifugo kutekwa. Shajara hiyo ilichapishwa mwaka wa 1957. Wanahistoria wamemshuku mtu huyo kwa udanganyifu katika mambo mengine ya maisha yake, hasa katika elimu ya ndege, kwa hivyo si kila neno lake linapaswa kuaminika. Lakini kwamba Nyeri ilianza kama kituo cha jeshi cha kuwatiisha wenyeji ni jambo lisilo na ubishi.

Asili hiyo bado inasomeka katika majina ya barabara za mjini. Barabara moja ni ya Gakere, kiongozi wa Tetu aliyeupinga utawala wa Waingereza wakati ule ule ngome ilipokuwa ikijengwa. Nyingine ni ya Dedan Kimathi, mwana wa Tetu pia, aliyeupinga utawala huo miaka 50 baadaye. Mtu anaweza kununua viatu katika barabara ya kwanza na dawa ya meno katika ya pili bila kujua kwamba amepita kati ya mwanzo na mwisho wa vita vimoja. Mimi nilifanya hivyo kwa miaka mingi.

Kila mtu na mahali pake

Wakoloni hawakujenga miji ili watu waishi pamoja. Huko Nyeri, kama kwingineko katika Kenya ya wakati ule, Mzungu alikuwa na sehemu yake, Mhindi alikuwa na maduka yake, na Mwafrika alikuwa na mtaa wake wa pembeni ambako alilala baada ya kazi. Mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande, hati ya utambulisho iliyotiwa ndani ya kikebe na kuning'inizwa shingoni, ili ajulikane ni mfanyakazi wa nani.

Kaskazini na magharibi mwa mji, ng'ambo ya mashamba ya Wakikuyu, yalianzia maeneo ya walowezi kuelekea Mweiga na Naro Moru. Nyeri ikawa mji wa mpakani. Upande mmoja palikuwa na ardhi iliyotengewa wenyeji, ambayo ilizidi kubana kadiri watu walivyoongezeka. Upande wa pili palikuwa na mashamba makubwa yaliyohitaji vibarua. Kwa muda mrefu serikali ya kikoloni iliwanyima Wakikuyu ruhusa ya kupanda kahawa, zao ambalo leo ni fahari ya Nyeri. Ruhusa hiyo ilianza kutolewa kwa upana katika miaka ya 1950 tu, wakati serikali ilipokuwa inatafuta namna ya kuwapoza wakulima.

Walowezi walikutana katika hoteli ya White Rhino, iliyoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kumfanyia kazi mwanzilishi wa maskauti, Lord Baden-Powell, alifungua hoteli ya Outspan juu ya bonde la mto Chania. Mwaka wa 1932 akaongeza nyumba ndogo ya mbao juu ya mti wa mugumo ndani ya msitu wa Nyandarua ili wageni watazame wanyama usiku. Akaiita Treetops.

Ni vyema kukumbuka kwamba si wageni wote waliokuja kwa bunduki au kwa mashamba. Wamishonari Wakatoliki wa shirika la Consolata kutoka Italia waliingia nchi ya Wakikuyu mwaka wa 1902, na baadaye wakafanya Mathari, nje kidogo ya mji, kuwa kituo kikuu chao. Mmoja wao, Sista Irene Stefani, aliwauguza wapagazi wa Kariakoo wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, kisha akafundisha na kutibu huko Gikondi hadi kifo chake mwaka wa 1930. Wenyeji walimwita Nyaatha, yaani mwenye huruma. Mnamo Mei 23, 2015, alitangazwa mwenye heri katika ibada iliyofanyika mjini Nyeri, mbele ya umati mkubwa. Huko huko Mathari ndiko alikosoma Wangari Maathai, binti wa kijiji cha Ihithe aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004. Rais wa tatu wa Kenya, Mwai Kibaki, mzaliwa wa Othaya, naye alipitia shule ya Mathari.

Hivyo basi, mji ule ule uliojengwa kuwatiisha watu uliwapa baadhi ya watoto wao kalamu. Anayekaa Nyeri siku moja huona upande mmoja tu wa jambo hili, na mara nyingi huondoka na hasira tupu au na sifa tupu.

Makaburi yenye majina

Katika wiki ya kwanza nilifanya yale ambayo watalii hufanya. Nilikwenda katika uwanja wa kanisa la Kianglikana la St Peter's, ambako amezikwa Baden-Powell. Alihamia Nyeri mwaka wa 1938, akajengewa nyumba ndogo iitwayo Paxtu katika uwanja wa Outspan, na akafariki Januari 8, 1941. Juu ya kaburi lake kuna alama ya duara yenye nukta katikati, ambayo katika lugha ya maskauti ina maana kwamba mwenye kuiacha amekwenda nyumbani. Mkewe, Olave, alifariki mwaka wa 1977 na majivu yake yakaletwa kuzikwa hapo hapo. Kila Februari 22, siku ya kuzaliwa kwa Baden-Powell, maskauti humiminika kutoa heshima zao.

Katika uwanja huo huo amelala Jim Corbett, mwindaji na mwandishi mashuhuri aliyezaliwa India. Alihamia Nyeri mwaka wa 1947, akaishi na dadake katika nyumba ile ile ya Paxtu, na akafariki Aprili 1955. Corbett alikuwapo Treetops usiku wa Februari 5, 1952, wakati Binti Mfalme Elizabeth alipolala huko pamoja na mumewe. Usiku huo babake, Mfalme George wa Sita, alifariki akiwa usingizini nchini Uingereza. Elizabeth aliteremka asubuhi kutoka kwenye mti ule akiwa malkia, ingawa habari hizo hakuzipata hadi baadaye siku hiyo, alipokuwa amerejea katika nyumba ya Sagana. Nyumba hiyo leo ni mojawapo ya ikulu ndogo za Kenya.

Nje ya mji pia kuna kanisa la kumbukumbu la Waitaliano. Humo wamehifadhiwa askari waliokufa wakiwa wafungwa wa vita nchini Kenya baada ya Italia kushindwa Ethiopia mwaka wa 1941. Kamanda wao, Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyefariki Nairobi Machi 1942, amezikwa pamoja nao. Isitoshe, kuna makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, yenye mawe yaliyopangwa kwa safu na nyasi zilizokatwa vizuri.

Nikiwa nimesimama mbele ya mawe hayo nilitambua jambo ambalo halikuwahi kunijia katika safari zangu za siku moja. Mwingereza aliyekuja kustaafu ana kaburi lenye jina. Mwindaji ana kaburi lenye jina. Hata Mwitaliano aliyeshindwa vitani na kuletwa kama mateka ana jina lake ukutani, na jamaa yake akitoka Italia leo atampata. Katikati ya mji upo mnara mdogo wa kuwakumbuka Wakikuyu waliokufa wakipigania uhuru kati ya 1951 na 1957. Unawakumbuka kwa jumla, kama kabila, na mpita njia haoni hapo jina la mtu hata mmoja.

Aliyekosa kaburi

Miezi minane baada ya usiku ule wa Treetops, Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari nchini. Maelfu ya vijana wa Nyeri waliingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kupigana chini ya Mau Mau. Mnamo 1954, nyumba ile ya juu ya mti iliteketezwa, na ile iliyoifuata ikajengwa ng'ambo ya kidimbwi mwaka wa 1957.

Serikali nayo ilichukua hatua dhidi ya raia. Kuanzia 1954, zaidi ya watu milioni moja wa jamii ya Wakikuyu na jirani zao walihamishwa kwa nguvu kutoka katika maboma yao, wakasongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mitaro na miti iliyochongwa, huku askari wa Home Guard wakilinda. Nyumba zao za zamani zilichomwa. Wanawake walilazimishwa kuchimba mtaro mrefu kandokando ya msitu ili wapiganaji wasipate chakula. Wengi wa wanaume walipelekwa katika kambi za kizuizini. Ndipo jina la kwetu linapoingia katika hadithi hii: Thiba, Gathigiriri na Kandongu, sehemu ambazo sisi wa Kutus tunazijua kama vijiji vya wakulima wa mpunga, zilikuwa miongoni mwa kambi za Mwea.

Dedan Kimathi alizaliwa Tetu Oktoba 31, 1920. Alfajiri ya Oktoba 21, 1956, alipigwa risasi na kukamatwa katika eneo la Kahiga-ini, Tetu, alipokuwa akitoka msituni. Mwezi uliofuata alifikishwa mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor mjini Nyeri, akashtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi, na kuhukumiwa kifo. Alinyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957, na kuzikwa humo katika kaburi lisilo na alama. Rekodi kamili za kesi yake zilidhaniwa kuwa zimepotea hadi zilipopatikana na kuchapishwa kitabuni mwaka wa 2017.

Kaburi lenyewe limetafutwa bila mafanikio tangu uhuru. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliomba mara kwa mara apewe mabaki ya mumewe ili amzike kwa heshima. Alifariki Mei 2023 bila kuyapata. Sanamu ya Kimathi ilizinduliwa jijini Nairobi mwaka wa 2007, na chuo kikuu cha teknolojia kilichoko nje ya mji wa Nyeri kina jina lake. Nchi imempa sanamu, barabara na chuo kikuu, lakini haijaweza kuipa familia yake kile ambacho Nyeri imewapa Waitaliano.

Kwa nini watu walinyamaza

Katika wiki ya pili nilianza kwenda Tetu kwa matatu za Ihururu. Nilijifunza haraka kwamba swali la moja kwa moja halijibiwi. Mzee huulizwa kwanza habari za mvua, kisha za ng'ombe, kisha za watoto. Humwiti kwa jina, bali guka, yaani babu. Bibi naye ni cucu. Mimi husema kwa lafudhi ya Kirinyaga, na lafudhi hiyo iliwachekesha kabla ya kuwafungua midomo. Ilinibidi nirudi nyumba moja mara tatu au nne, pengine nikisaidia kuchuma majani chai, kabla ya neno Mwea kutajwa. Hapo ndipo niliposadiki ile methali ya jembe.

Kimya hicho kina sababu zake, na si vigumu kuzieleza. Ya kwanza ni sheria. Mau Mau ilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka wa 1950, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Kwa muda wote huo mtu aliyejitaja kuwa mwanachama alikuwa anajitaja kuwa mfuasi wa chama haramu.

Ya pili ni kwamba vita vilipita ndani ya nyumba. Ndugu mmoja aliingia msituni na mwingine akawa Home Guard. Baada ya uhuru wote wawili waliendelea kuishi katika ukingo mmoja, wakisali kanisa moja na kuozana watoto. Kuyafukua yaliyopita kulikuwa sawa na kuwasha moto katika paa la mtu mwenyewe.

Ya tatu ni ardhi. Kati ya 1955 na mwisho wa muongo huo, serikali iliunganisha vipande vya mashamba katika Mkoa wa Kati na kutoa hati za kumiliki. Kazi hiyo ilifanywa wakati maelfu ya watu wakiwa kizuizini, hawana wa kuwasemea mbele ya kamati. Waliokuwa upande wa serikali walipata mashamba mazuri. Wengi waliotoka kambini walikuta shamba la baba limeandikwa jina la mtu mwingine. Hakuna aliyeweza kuniambia kwa uhakika kilichompata babu yangu, lakini niliyoyasikia Tetu yalinitosha kufahamu ni kwa nini mtu aliyeachiliwa Mwea angeamua kubaki pale pale alipofungwa, akapanda mpunga katika maji aliyoyachimbia njia.

Uingereza ilichukua muda mrefu zaidi kusema. Mnamo Juni 2013, baada ya kesi iliyowasilishwa London na wazee wa Kenya, serikali yake ilikiri kwamba Wakenya waliteswa wakati wa Hali ya Hatari, ikaeleza masikitiko yake, na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Mnara wa kuwakumbuka wahanga ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, mwaka wa 2015. Kwa waliofariki kabla ya hapo, akiwemo babu yangu, habari hiyo ilichelewa.

Funzo kutoka Mexico

Nyeri si mji pekee wenye mzigo wa namna hii. Kusini mwa Mexico, katika jimbo la Chiapas, kuna mji uitwao San Cristóbal de las Casas, ulioanzishwa na Wahispania mwaka wa 1528. Kama Nyeri, uko katika nyanda za juu zenye baridi na ukungu, umezungukwa na vijiji vya wenyeji wa asili, na jimbo lake husifika kwa kahawa. Watalii huenda huko wakakaa majuma kadhaa, wakijifunza Kihispania na kutembea katika mitaa yake ya mawe.

Huko pia waanzilishi walikuwa na sanamu na wenyeji walikuwa na kimya. Mnamo Oktoba 12, 1992, siku ya kutimiza miaka 500 tangu Columbus afike Marekani ya Kusini na Kaskazini, maelfu ya wenyeji waliandamana na kuiangusha sanamu ya Diego de Mazariegos, Mhispania aliyeuanzisha mji. Januari 1, 1994, wapiganaji wa Zapatista wakauteka kwa muda mfupi wakidai ardhi na haki. Tangu wakati huo mgeni anayezuru mji huo ni vigumu aondoke bila kusikia upande wa wenyeji, kwani umekuwa sehemu ya kile anachokwenda kukiona.

Nyeri haihitaji kuangusha chochote. Kaburi la Baden-Powell halimdhuru mtu, na wageni wanaolizuru huacha fedha mjini. Kinachokosekana ni kwamba mgeni huyo haelekezwi kwingine. Anatoka St Peter's, anakunywa chai, anarudi Nairobi. Hakuna anayemwambia kwamba safari fupi ya matatu itamfikisha katika kijiji ambako vita vya uhuru vilipiganwa na kulipiwa.

Kwa anayetaka kukaa

Msomaji anayetaka kuufahamu mji huu namshauri atenge angalau majuma mawili. Aanzie Ruring'u, ambako jengo la zamani la mahakama ya Waafrika sasa ni makavazi. Karibu na hapo kuna uwanja wa michezo ambako wapiganaji waliotoka msituni walikusanyika Desemba 1963, nchi ilipopata uhuru. Kisha aende Mathari, Ihithe na Kahiga-ini. Siku ya kurudi asiipite Karatina kwa haraka, kwa sababu soko lake ni miongoni mwa masoko makubwa ya vyakula nchini, na njia za kuelekea misheni ya zamani ya Tumutumu huanzia karibu na hapo. Abebe sweta nzito na viatu vya matope. Aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa makaburini na nyumbani kwa wazee. Zaidi ya yote, asiende na orodha ya maswali. Aende na muda.

Serikali nayo ina wajibu. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la shughuli za kitamaduni na makavazi, huku minara ya umuhimu wa kitaifa ikibaki mikononi mwa serikali kuu. Kazi ya kuandika majina ya waliokufa katika kila kijiji cha Hali ya Hatari, na kuyachonga mahali penye kuonekana, haihitaji mabilioni. Inahitaji mtu mwenye daftari, na inahitaji kufanywa sasa. Aliyekuwa na umri wa miaka 15 wakati vijiji vile vinajengwa amekwisha kuvuka 85. Kila mazishi Tetu huenda na orodha ambayo haikuandikwa.

Shule pia zinaweza kusaidia. Mwanafunzi wa Kutus akiulizwa kuhusu mradi wa Mwea atataja ekari, mbegu za mpunga na bwawa la Thiba lililozinduliwa 2022. Ni nadra kumpata anayejua ni nani aliyeshika jembe la kwanza. Wazee wa kwao wakingali hai, mwalimu anaweza kuwatuma watoto wakaulize na kuandika wanayoambiwa.

Siku ya mwisho ukungu uliondoka, na kutoka Ruring'u niliweza kuuona Mlima Kenya wote na theluji yake. Niliteremka Karatina, nikabadilisha gari, na kufika Kutus jua likiwa bado juu. Jioni nilikwenda mferejini. Watoto walikuwa wakiogelea kama sisi wa zamani. Niliwauliza kama wanajua ni nani aliyeuchimba. Mmoja alisema ni serikali, mwingine akasema ni trekta. Niliketi ukingoni nikawaeleza niliyoyasikia Tetu, kuanzia ngome ya 1902. Hadithi ilikuwa ndefu na giza lilituingilia kabla sijaimaliza, kwa hivyo tulikubaliana kuendelea kesho yake.